Kabla ya Kupanda Sanje, Uliza Mvua

Swali ninaloulizwa zaidi kuhusu maporomoko ya Sanje ni la kiingilio. Linalofuata ni la picha: wapi pa kusimama, na saa ngapi. Swali la mvua huja mwisho, na mara nyingi haliji kabisa, ilhali hilo ndilo linaloamua utaona poromoko la namna gani, njia itapitika vipi, na kama bwawa la chini litakuwa la kuoga au la kutazama kwa mbali. Mimi ni mtu wa elimu ya maji, kwa hiyo huenda navutia kwangu. Hata hivyo nimeona watu wakitoa nauli yote ile kutoka Dar es Salaam wakaenda kutazama ukungu mtupu, na wengine wakafika maji yamepungua hadi wakauliza kama ni hapa kweli.

Sanje iko katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, mkoani Morogoro, kwenye ukingo wa mashariki unaotazama bonde la Kilombero. Maji yake yanashuka takriban mita 170 kwa ngazi tatu. Yapo marefu zaidi: Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, yanazidi mita 200 na yanaanguka kwa mruko mmoja. Ila Sanje ina kitu ambacho wapenda kutembea hawakipati kwa urahisi kwingine, nacho ni safari yenyewe. Hifadhi hii ya kilomita za mraba 1,990, iliyotangazwa mwaka 1992, haina barabara za kuzungushia watalii kwa magari. Unaingia kwa miguu, unatoka kwa miguu, na kati ya hapo kuna msitu wa mvua.

Sasa, mvua. Upande huu wa Udzungwa hunyesha kuanzia Novemba hadi Mei, kukiwa na nafuu kidogo katikati, kati ya vuli na masika. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni kiangazi. Ukienda Aprili utakuta maji mengi mno; mngurumo unausikia kabla hujaona chochote, na rasharasha zinatanda mbele ya poromoko kiasi cha kulificha. Ukienda Oktoba utakuta mwamba umejitokeza, maji yanashuka kwa michirizi, na mabwawa yametulia hadi mawe ya chini yanahesabika. Yote mawili ni Sanje. Anayetaka kuusikia mlima ukinguruma na haogopi matope, masika yatamfaa, mradi akubali kwamba hataoga na huenda akarudishwa njiani. Anayekwenda na watoto na kikapu cha chakula asubiri kiangazi.

Nikilazimishwa kuchagua, nachagua kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Julai. Mvua imekwisha na njia imekauka, lakini mlima bado umejaa. Bahati nzuri likizo ya shule ya katikati ya mwaka na Sabasaba zinaangukia humo humo. Bahati mbaya ni Pasaka. Ni sikukuu ambayo familia nyingi hupenda kuitumia kusafiri, na kalenda yake huiweka kila mwaka kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, yaani ndani ya masika. Sijawahi kumshauri mtu apande Sanje wakati wa Pasaka, ingawa wapo waliokwenda wakarudi wanacheka.

Kwa nini mlima ubaki na maji wiki nyingi baada ya mvua kukatika? Hapa inabidi nirudi nyuma sana. Udzungwa ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mnyororo unaoanzia Taita nchini Kenya ukapita Pare, Usambara na Uluguru. Miamba yake ni migumu na ya kale, ina zaidi ya miaka milioni 500, ila kuinuliwa kwake kuwa milima ni jambo la karibuni kidogo, takriban miaka milioni 30 iliyopita, ardhi ilipopasuka, upande mmoja ukapanda na mwingine ukadidimia. Bonde la Kilombero ndio upande uliodidimia. Mto unaotoka juu ukafika kwenye ukingo huo hauna njia ya kushuka taratibu, unaanguka. Ndiyo maana ukingo huu una maporomoko mengi, na Sanje ni maarufu tu kuliko wenzake.

Ukingo huo huo ndio unaokamata mvua. Pepo za kutoka Bahari ya Hindi hufika zimebeba unyevu, zikikutana na mlima hulazimika kupanda, na kila mita 100 za kupanda hewa yenye unyevu hupoa kwa karibu nusu nyuzi ya sentigredi. Hewa iliyopoa haiwezi kubeba mvuke ule wote, hivyo hutua kama mvua au ukungu. Hata siku isiyo na mvua, ukungu unaopita kati ya miti hugeuka matone kwenye majani na kuvumwani, ukadondoka chini. Kisha kazi inabaki kwa udongo. Chini ya msitu uliosimama muda mrefu udongo una mashimo ya mizizi na wadudu, na tabaka nene la majani yanayooza. Maji huzama badala ya kutiririka juu. Yakishazama hutoka polepole, kama mtungi wa udongo unavyotoa jasho usiku kucha. Fyeka miti hiyo, na mvua ile ile itateremka kwa saa chache kama mafuriko, kisha mto ukauke Agosti. Wakulima wa mpunga na miwa wa Kilombero wanaishi kwa maji ya mtungi huo, na mto wao ni miongoni mwa mito inayoulisha Rufiji.

Kwa msafiri, maana yake ni hii: tarehe peke yake haitoshi. Siku tatu kabla ya kuondoka piga simu hifadhini, uulize mvua ilinyesha lini mara ya mwisho huko juu, na maji yana rangi gani. Hilo la rangi watalishangaa kidogo, lakini watakujibu. Maji angavu maana yake mto umetulia na unalishwa na udongo. Maji yaliyovurugika maana yake kuna mvua mpya iliyopita juu ya ardhi, na huenda nyingine inakuja.

Kufika si kazi kubwa. Kutoka Dar es Salaam unafuata barabara kuu ya Morogoro na Iringa hadi mjini Mikumi, unakunja kushoto kuelekea Kidatu, unapita mashamba ya miwa, kisha Sanje, halafu Mang'ula yalipo makao makuu ya hifadhi. Kutoka Mikumi hadi Mang'ula ni takriban kilomita 60. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, kwa hiyo asiye na gari anaweza kufupisha kipande cha kwanza kisha akapanda basi la Ifakara. Reli ya TAZARA nayo ina kituo Mang'ula na mandhari yake ni ya kupendeza, ila mwenye likizo ya siku mbili asiijengee ratiba yake. Gesti zipo Mang'ula za kila bei. Fika jioni, ulale, uamke mapema. Anayetoka Dar alfajiri kwa nia ya kupanda siku hiyo hiyo ataanza saa nane mchana, na saa nane ni saa mbaya, nitaeleza kwa nini.

Malipo: raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi na kiwango chake ni cha chini sana kuliko cha wageni wa mbali, hivyo beba kitambulisho. Viwango hubadilika, waulize wenyewe. Malipo hupitia namba ya malipo ya serikali, kwa simu au benki. Usije na noti mkononi ukitegemea kuzitoa getini. Mwongozaji ni lazima, na kwa njia ndefu huongezwa askari mwenye bunduki, kwa sababu tembo na nyati wa hapa hawana habari na ratiba yako. Njia ya Sanje huanzia kwenye kituo cha askari kilicho upande wa kijiji cha Sanje, takriban kilomita kumi kaskazini mwa makao makuu, kwa hiyo asiye na gari apange bodaboda au daladala tangu usiku.

Turudi kwenye saa. Mlimani umbali ni kipimo kinachodanganya. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia mpaka leo: saa moja kwa kila kilomita tano, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Tuchukue njia ya kilomita 6 kwenda na kurudi, yenye mita 450 za kupanda. Kilomita zinatupa dakika 72, mwinuko unatupa 45, jumla chini kidogo ya saa mbili. Lakini Naismith alikuwa akitembea Uskoti, kwenye baridi na nyasi fupi. Kwenye joto la Kilombero, juu ya mizizi yenye utelezi, mimi huongeza nusu ya muda huo, na bado sijaweka kupumzika, kuoga wala kutazama mbega. Ukiambiwa kituoni kwamba Sanje inachukua saa nne au tano, hawakutishi; ni hesabu hiyo hiyo wanayoijua kwa miguu.

Anza saa moja asubuhi. Sababu ya kwanza ni joto: chini ya mlima uko kwenye tambarare, si mbali na mita 300 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kali ya kupanda ni vizuri uimalize kabla jua halijapata nguvu. Sababu ya pili ni mwanga. Ukingo wa Sanje unatazama mashariki. Asubuhi jua linaupiga uso wa poromoko. Alasiri linapita nyuma ya mlima na kivuli kinafunika kila kitu mapema, hata kama kule bondeni bado ni mchana mweupe. Giza kamili la nje huingia karibu saa moja jioni, lakini ndani ya msitu macho huanza kupoteza mizizi karibu saa nzima kabla. Aliyeanza saa nane mchana anashuka katika saa hiyo.

Sababu ya tatu ni upinde wa mvua, na hili wapiga picha walishike. Upinde huonekana kwenye rasharasha pale jua linapokuwa mgongoni mwako, na daima hukaa nyuzi 42 kutoka kwenye mstari unaokielekea kivuli cha kichwa chako. Kadiri jua linavyopanda angani ndivyo kivuli kinavyoshuka, na upinde unashuka nacho. Jua likizidi nyuzi 42 juu ya upeo, upinde wote unakuwa chini ya kimo cha macho, na utauona tu ukiwa umesimama juu ya rasharasha ukiitazama bondeni. Kwa latitudo ya Udzungwa jua hufika hapo kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, kutegemea mwezi. Juni huchelewa kidogo. Kwa hiyo anayetaka upinde akiwa chini ya poromoko awe amefika kabla ya hapo. Aliyechelewa apande kwenye ngazi ya juu atazame chini.

Njiani usikimbilie maji. Msitu huu una kima ambaye wanasayansi hawakumjua hadi mwaka 1979, akapewa jina la kijiji hiki hiki. Ulimwenguni kote anaishi katika misitu miwili tu, na yote ni ya Udzungwa. Mbega mwekundu wa Udzungwa naye ni wa eneo hili tu, na kumwona ni rahisi zaidi kwa sababu hukaa makundi na hana haraka. Mwaka 2008 ilitangazwa spishi mpya ya sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mrija, na huyu ndiye mkubwa kuliko sange wote wanaojulikana. Hawa wote huonekana na anayesimama kimya. Kundi lenye spika ya muziki begani halioni kitu, na linawaharibia wanaofuata.

Mavazi: suruali ndefu, na ncha zake uziingize ndani ya soksi, kwa ajili ya siafu. Viatu vyenye soli ya meno. Raba za mjini zilizolika husababisha maanguko mengi kuliko mwinuko wenyewe. Fimbo moja inasaidia zaidi kushuka kuliko kupanda. Maji lita mbili kwa mtu, kwani hewa ya msituni imejaa unyevu, jasho halikauki mwilini, na mwili unaendelea kulimwaga bila kupata ubaridi wowote. Mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga na chapati zinatosha. Vifunike, nyani wanajua begi la chakula likoje. Bonde la Kilombero ni la malaria, na Taasisi ya Afya ya Ifakara imejenga jina lake kwa kuuchunguza ugonjwa huo hapa hapa, kwa hiyo chandarua cha gesti kikague kabla hujalipa. Mtandao wa simu hukatika njiani. Mwachie mtu wa mapokezi jina lako na saa unayotarajia kurudi, na ujue kwamba hospitali kubwa ya karibu iko Ifakara.

Sasa tumefika chini ya poromoko, na hapa ndipo naomba subira, kwa sababu wageni wengi huja na tahadhari za wanyama na kuyasahau maji. La kwanza: usisimame moja kwa moja chini ya maji yanayoanguka, hata yakiwa membamba. Juu kule mto unapita msituni, na mto wa msituni hubeba matawi na mawe. Jiwe linaloanguka kutoka mita 45 tu hufika chini baada ya sekunde tatu, likiwa na kasi ya zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Kofia haisaidii. Kaa pembeni, kwenye rasharasha. Utalowa vile vile.

La pili ni povu. Maji meupe pale chini ya maanguko yamechanganyika na hewa nyingi, na maji yenye hewa hayamwinui mtu kama maji matulivu. Mwogeleaji hodari wa baharini, aliyezoea chumvi kumbeba, anashangaa kuona anazama mahali ambapo mikono yake inapiga kama kawaida. Juu ya hilo, maji yanayoanguka huzama hadi chini, yakageuka na kurudi kwenye maanguko kwa juu, kwa hiyo yanavuta kuelekea pale pale unapotaka kutoka. Oga upande wa bwawa ambapo maji yanatoka, mahali unapoona chini. Usiruke kutoka kwenye mwamba. Kina cha mwaka jana si cha mwaka huu. Masika moja yanatosha kuhamisha mawe.

La tatu ni kwenye ngazi za juu, karibu na ukingo. Mwamba uliolowa una utando wa kijani mwembamba kiasi kwamba hauonekani, na maji ya kufika magotini yaendayo kasi yanatosha kumwangusha mtu mzima. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kusukuma huongezeka mara nne. Macho hayaoni tofauti hiyo, miguu ndiyo huigundua. Mwongozaji akisema usivuke, usivuke. Habishani nawe kuhusu ujasiri, anausoma mto ambao wewe unauona kwa mara ya kwanza.

Na la nne, ambalo hutokea hata siku ya jua: mvua inaweza kunyesha juu ya mlima ninyi mkiwa chini hamna habari. Dalili ni rangi ya maji kubadilika ghafla, majani na vijiti vibichi kuanza kupita kwa wingi, na mngurumo kuwa mzito zaidi. Moja tu ya hizo ikitokea, toeni watoto majini kwanza, vitu baadaye.

Wazee wenye magoti mabovu na watoto wadogo wana njia yao. Karibu na makao makuu kuna njia fupi ya takriban kilomita moja hadi poromoko dogo lililopewa jina la Prince Bernhard wa Uholanzi, aliyekuwa rais wa kwanza wa shirika la uhifadhi la WWF. Njia ya Sonjo ni ya kilomita mbili na nusu, nayo ina maporomoko mawili. Wenye miguu na siku tatu wanaweza kwenda kilele cha Mwanihana, kilomita 38, kwa kulala mahemani usiku mara mbili. Mimi nikiwa na wageni wasiozoea huanza na Sonjo alasiri ya siku ya kufika, nione nani anahema, kisha Sanje kesho yake.

Jambo moja bado, linahusu viatu. Upande wa kusini wa milima hii hii kuna korongo la Kihansi, ambako mwaka 1996 aligunduliwa chura wa manjano asiyefika sentimita tatu, anayezaa watoto hai na aliyekuwa akiishi kwenye rasharasha za poromoko la humo tu, na si mahali pengine popote duniani. Mwaka 2000 maji mengi ya mto wa korongo hilo yalielekezwa kwenye mtambo wa umeme wa megawati 180. Rasharasha zikakauka, ikabidi kuwekwa mabomba ya kunyunyizia. Mwaka 2003 vyura wakaporomoka kwa idadi, na miongoni mwa yaliyokutwa ni kuvu wa ngozi anayeua vyura kote duniani. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Waliobaki walikuwa kwenye bustani za wanyama nchini Marekani, na kutoka huko wakaanza kurudishwa mwaka 2012. Kuvu huyo husafiri kwenye matope, na matope husafiri kwenye soli. Kwa hiyo usiku wa kabla ya Sanje, chukua ndoo na brashi, sugua soli hadi meno yaonekane, uvianike viatu vikauke kabisa. Fanya hivyo tena ukishuka, hasa kama safari inaendelea Uluguru au Usambara, maana baadhi ya vyura wa kule nao wana mlima mmoja tu.